Maisha ya Thaddeus Stevens

Katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, kiko kiwanja kidogo cha makaburi. Si mahali pa watu wakuu. Palikuwa na viwanja vingine vilivyo vizuri zaidi, lakini sheria zake zilikataza mtu mweusi kuzikwa humo. Katika kiwanja hiki kidogo amelala mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa na nguvu katika Baraza la Marekani kuliko mjumbe mwingine yeyote, hata Rais wa nchi akamhesabu kuwa adui yake mkubwa. Jina lake Thaddeus Stevens.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, huko kaskazini penye baridi kali na theluji. Alizaliwa na mguu mmoja uliopinda, na ndugu yake mkubwa alizaliwa na miguu yote miwili ya namna hiyo. Siku zile watu wengi waliamini kwamba kilema cha mtoto ni adhabu ya dhambi ya wazazi, na watoto shuleni walimcheka na kuuiga mwendo wake. Baba yake alikuwa mshona viatu asiyefanikiwa. Akaondoka nyumbani wana wake wangali wadogo, asirudi tena. Mama yake, Sarah, akabaki na wana wanne na shamba la mawe.

Mama huyu alitambua kwamba kijana wake kiwete hataweza kushika jembe kama wenzake, tena ana akili nyingi. Basi akaazimu kumpa elimu. Mwaka 1807 akahamisha nyumba yake yote mpaka Peacham, kwa kuwa huko kulikuwa na shule nzuri, akafanya kazi usiku na mchana ili kijana asome. Baada ya miaka mingi Stevens alipopata mali, alimnunulia mama yake shamba zuri na ng'ombe wa maziwa, naye alikuwa akisema kwamba katika fedha zote alizozitumia maishani, hakuna zilizompendeza kama hizo.

Alimaliza masomo yake katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akashuka kusini mpaka Pennsylvania. Akawa mwalimu wa shule katika mji wa York, na saa za jioni akasoma sheria. Mwaka 1816 alifungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa Gettysburg. Kwanza hakupata kazi nyingi, lakini baadaye sifa zake zikaenea, maana hakuna aliyeweza kumshinda kwa ulimi. Ulimi huo ulikuwa mkali mno. Aliwadhihaki watu mbele ya wenzao, hakusahau uovu aliotendewa, tena alipenda mchezo wa karata za fedha. Wanaomsifu hupenda kuyapita mambo hayo.

Liko na jambo lililo zito kuliko karata. Mwaka 1821 mwanamke mweusi jina lake Charity Butler alidai mbele ya mahakama kwamba yeye na watoto wake ni waungwana, si watumwa. Sheria ya Pennsylvania ilisema kwamba mtumwa aliyeletwa na bwana wake akakaa humo miezi sita hupata uhuru wake. Charity alikuwa ameletwa mara kwa mara, na siku zake zote zikijumlishwa zilipita miezi sita. Wakili wa bwana wake alikuwa Stevens. Alisema kwamba miezi sita maana yake ni miezi sita mfululizo, si siku za kuokotezwa huku na huku. Mahakama ikakubali. Stevens akapokea ujira wake, na yule mama na watoto wake wakarudishwa utumwani. Tangu miaka ile Stevens hakuwatetea tena mabwana. Aliwatetea watumwa waliotoroka, mara nyingi pasipo malipo. Lakini Charity Butler hakuweza kurudishiwa kilichopotea.

Mwaka 1833 watu wa Gettysburg walimchagua awe mjumbe katika baraza la jimbo la Pennsylvania. Jambo kubwa alilolitenda huko lilihusu shule. Kabla ya siku hizo, mzazi asiye na fedha aliweza kumsomesha mtoto wake kwa gharama ya serikali, lakini sharti kwanza jina lake liandikwe katika orodha ya mafukara. Wazazi wengi waliona aibu, wakawaacha watoto wao nyumbani bila kujua kusoma. Mwaka 1834 ikatungwa sheria mpya ya kufungua shule kwa watoto wote, tajiri na maskini, kwa fedha za kodi. Kelele zikawa kubwa! Wenye mashamba walilalamika, wasio na watoto walilalamika zaidi, na katika uchaguzi uliofuata wajumbe wengi waliounga mkono sheria ile waliangushwa. Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta. Hata watu wa Gettysburg wenyewe walipeleka maombi ya kutaka ifutwe.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama barazani, akisema kinyume cha hao waliomchagua. Alionyesha kwamba mtu hulipa kodi ya mahakama na ya gereza bila kunung'unika, ingawa yeye mwenyewe hatazamii kufungwa; mbona basi anung'unike kulipia shule, ambayo humzuia mtoto wa jirani asije akaingia gerezani? Alieleza pia kwamba kumwandika mtoto katika orodha ya mafukara ni kumtia alama kama mnyama. Gavana aliyeitetea sheria ile, jina lake George Wolf, alikuwa mtu wa chama kingine, na Stevens alikuwa mpinzani wake katika mambo karibu yote. Walakini siku ile alimsifu hadharani. Alipoketi, baraza likapiga kura, na shule zikapona. Seneti nayo ikageuka.

Si siku zote alizotenda mema kama hayo. Mwezi wa Desemba 1838 vyama viwili viligombana juu ya kura za Philadelphia, kila chama kikidai kwamba wajumbe wake ndio walioshinda. Pakawa na mabaraza mawili ndani ya nyumba moja, na umati wa watu wenye hasira ukaingia ukumbini. Stevens alikuwa kiongozi wa upande mmoja, naye alipoona hatari imefika alitoka kwa kuruka dirishani, pamoja na mguu wake ule. Gavana aliita askari, na hatimaye chama cha Stevens kikashindwa. Ugomvi wote ulikuwa juu ya jambo dogo kwa kulitazama: ni majina ya nani yatakayosomwa katika orodha ya wajumbe? Stevens hakulisahau fundisho hilo.

Katika mwaka huohuo wa 1838 jimbo liliandika katiba mpya, iliyowanyang'anya watu weusi haki ya kupiga kura. Stevens alikuwa mmoja wa wajumbe walioitengeneza. Zamu yake ya kutia sahihi ilipofika, alikataa.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, akiwa na madeni makubwa kwa ajili ya kazi ya kuyeyusha chuma aliyoianzisha milimani. Hakuoa. Nyumba yake ilisimamiwa na mjane mmoja, Lydia Hamilton Smith, ambaye mama yake alikuwa wa nasaba ya Kiafrika. Watu walisema mengi juu yao. Lililo hakika ni kwamba Stevens hakukubali mtu yeyote, hata awe mkubwa namna gani, amwite mama huyo kwa jina lake tupu. Sharti aitwe Bibi Smith, kama wanawake wengine wa heshima. Naye Bibi Smith alikuwa hodari wa mambo ya fedha, akanunua mali kwa jina lake mwenyewe.

Baraza Kuu la Marekani huitwa Kongresi, nalo lina nyumba mbili: Baraza la Wajumbe na Seneti. Stevens aliingia katika Baraza la Wajumbe mwaka 1849, akatoka mwaka 1853, akarudi mwaka 1859 kwa chama kipya cha Republican, ambacho kilikataa utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi. Mwaka 1861 majimbo ya kusini, yenye mashamba makubwa ya pamba na watumwa zaidi ya milioni tatu, yalijitenga, vita vikaanza. Stevens alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha. Kila senti iliyonunua bunduki, viatu na mkate wa askari wa kaskazini ilipita mikononi mwake. Alimsaidia Rais Abraham Lincoln, na papo hapo alimsumbua, maana aliona Rais anakwenda polepole mno katika jambo la kuwaachilia watumwa.

Wenzi wa utumwa walimjua vizuri. Mwezi wa Juni 1863 jeshi la kusini liliingia Pennsylvania, na jemadari wake mmoja, Jubal Early, akafika kwenye tanuri za chuma za Stevens mahali paitwapo Caledonia. Alijua ni mali ya nani. Akaamuru zichomwe moto, zikateketea. Stevens alipopata habari hakulia kwa ajili ya mali yake. Aliuliza habari za jamaa maskini waliofanya kazi pale, akatafuta njia ya kuwasaidia.

Tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wajumbe lilipiga kura kuongeza katika Katiba kifungu cha kuukomesha utumwa. Waliokubali walikuwa 119, waliokataa 56. Mwezi wa Aprili vita vikaisha, na katika mwezi huohuo Lincoln akauawa kwa bastola. Andrew Johnson, mtu wa Tennessee, akawa Rais.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi mkubwa wa maisha ya Stevens. Johnson alitaka majimbo ya kusini yarudi upesi, nayo yakarudi kana kwamba hayakushindwa. Yalitunga sheria za kuwafunga tena watu weusi kwa kamba nyingine. Katika jimbo la Mississippi, kwa mfano, mtu mweusi alipaswa kila mwezi wa Januari kuonyesha hati ya kwamba ana kazi, na akimwacha tajiri wake kabla ya mwaka kwisha aliweza kukamatwa na kurudishwa kwake. Kisha majimbo hayo yakachagua wajumbe wa kwenda Kongresi, na wengi wao walikuwa maofisa na wakubwa wa upande ule uliopigana na serikali.

Tena palikuwa na hesabu ya ajabu. Kila jimbo lilipata wajumbe kwa kadiri ya watu wake, na tangu zamani Katiba ilisema kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Sasa hakuna mtumwa tena. Katika hesabu ijayo kila mtu mweusi atahesabiwa mzima. Lakini huko kusini hakuruhusiwa kupiga kura. Kwa hiyo walioshindwa vitani wangepata viti vingi barazani kuliko walivyokuwa navyo kabla ya vita, na viti hivyo vingetokana na hesabu ya watu wasioruhusiwa kusema neno.

Kongresi ilikuwa ifunguliwe tarehe 4 Desemba 1865. Stevens alikuwa na umri wa miaka 73, mgonjwa, uso umekunjamana, amevaa nywele za bandia kwa sababu zake zilikwisha kuanguka. Siku mbili kabla, wajumbe wa chama chake walikutana wakakubaliana. Siku yenyewe ilipofika ukumbi ulijaa watu. Kwa desturi karani wa Baraza husoma majina ya wajumbe wote, na asiyesomwa jina hana neno la kusema. Karani alikuwa Edward McPherson, kijana wa Gettysburg, aliyelelewa na Stevens katika mambo ya siasa. Akaanza kusoma jimbo baada ya jimbo. Alipofika kwenye majimbo yaliyojitenga, akayaruka.

Horace Maynard wa Tennessee akasimama, hati yake mkononi. Huyu hakuwa mwasi. Wakati wote wa vita alikuwa mwaminifu kwa serikali, tena ametoka katika jimbo la Rais mwenyewe. Kama yeye angekubaliwa, mlango ungefunguka kwa wote. Karani akakataa kumsikiliza, akaendelea kusoma. Wajumbe wa chama cha Democratic walipiga kelele. Karani akasema yu tayari kueleza sababu zake. Stevens akajibu kutoka kitini pake kwamba haina haja, wanajua yote. Mambo yakaisha. Majimbo ya kusini yalikuwa nje, na chama cha Stevens kilikuwa na zaidi ya theluthi mbili za viti, kiasi cha kutosha kuipitisha sheria hata Rais akiikataa.

Kweli, Rais alikataa. Mwaka 1866 Kongresi ilitunga sheria ya kusema kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia, mweusi kwa mweupe, aweza kununua, kuuza, kushtaki na kutoa ushahidi. Johnson akairudisha bila sahihi. Mwezi wa Aprili nyumba zote mbili zikapiga kura tena, na sheria ikasimama bila yeye. Halikuwa jambo lililozoewa.

Lakini sheria ya leo huweza kufutwa kesho, ndiyo maana Stevens na wenzake walitaka neno lenyewe liandikwe katika Katiba. Ndicho kifungu cha kumi na nne. Stevens alitaka kisema waziwazi kwamba mtu mweusi atapiga kura kama mweupe. Wenzake wengi waliogopa, kwa kuwa hata katika majimbo mengi ya kaskazini mtu mweusi hakupiga kura. Kifungu kilichotoka kilisema kwamba watu wote wapate ulinzi sawasawa wa sheria, na jimbo litakalowanyima watu kura lipunguziwe viti, basi. Tarehe 13 Juni 1866 mzee alisimama, akakiri kwamba maisha yake yote alitazamia siku ambayo nchi ingejengwa upya pasipo tofauti ya mtu na mtu, na kwamba tazamio hilo limetoweka kama ndoto. Hata hivyo akawaomba wakikubali, kwa sababu anaishi kati ya wanadamu, wala si kati ya malaika. Kikapita kwa kura 120 dhidi ya 32.

Jambo jingine alilolitaka halikukubaliwa hata nusu yake. Alitaka mashamba ya matajiri wakubwa walioasi yachukuliwe, na kila jamaa ya waliokuwa watumwa ipewe ekari arobaini. Alijua kwamba mtu aliyeachiliwa mikono mitupu hurudi kwa bwana wake yuleyule kuomba kazi. Wenzake wa chama walitikisa vichwa. Waliweza kutoa haki, lakini kugusa mali ya mtu hawakuthubutu. Na watu waliokuwa watumwa wakarudi mashambani kulima kwa sehemu ya mavuno na kwa madeni yasiyokwisha, kama alivyohofu.

Mwezi wa Machi 1867 Kongresi iliyaweka majimbo kumi ya kusini chini ya wakuu wa jeshi, na wanaume weusi wakaandikwa kupiga kura. Waliokuwa watumwa miaka mitatu tu nyuma wakasimama katika msitari pamoja na waliokuwa mabwana zao, kila mtu na karatasi yake.

Johnson aliendelea kushindana, na mwezi wa Februari 1868 akamwondoa Edwin Stanton, waziri wa vita, kinyume cha sheria mpya ya Kongresi. Baraza la Wajumbe likamshtaki Rais kwa kura 126 dhidi ya 47. Stevens wakati ule hakuweza kutembea tena. Vijana wawili walimbeba katika kiti mpaka barazani, naye aliwauliza kwa mzaha ni nani atakayembeba wao wakifa. Kesi ilisikilizwa mbele ya Seneti. Mwezi wa Mei maseneta 35 walimwona Rais ana hatia na 19 walisema hana. Zilitakiwa kura 36. Kwa upungufu wa kura moja Johnson akabaki Rais, na kati ya waliomwokoa walikuwamo watu saba wa chama cha Stevens mwenyewe. Mzee alikasirika sana. Wengine wamesema kwamba hasira yake ilimtangulia, na kwamba mashtaka yale yalijengwa juu ya sheria dhaifu. Nao hawakosei kabisa.

Alikufa Washington usiku wa tarehe 11 Agosti 1868, mwenye umri wa miaka 76. Bibi Smith alikuwa kando ya kitanda. Jeneza lake liliwekwa chini ya kuba la jumba la Kongresi, likilindwa na askari weusi, na maelfu ya watu, weusi na weupe, wakapita kumwaga. Wapigaji kura wa chama chake huko Lancaster walimteua tena awe mjumbe wao, ingawa alikuwa amekwisha kufa.

Alizikwa katika kile kiwanja kidogo. Alikichagua mwenyewe, akaagiza iandikwe juu ya jiwe kwamba hakupachagua kwa kupenda upweke, ila kwa sababu makaburi mengine yalikuwa na sheria za kubagua rangi, naye alitaka hata katika mauti aonyeshe neno alilolitetea maishani, kwamba watu wote ni sawa mbele ya Muumba wao.

Katika wosia wake aliacha fedha za kujenga nyumba ya kuwalea yatima na kuwafundisha kazi. Aliagiza wasibaguliwe kwa rangi wala kwa kabila, na wote wale chakula katika meza moja. Kutokana na fedha hizo kilianzishwa chuo cha ufundi huko Lancaster, ambacho kingali chaitwa kwa jina lake. Na fedha nyingine kidogo aliziweka kwa ajili ya mtunza makaburi huko kaskazini, mahali alipozikwa mama yake, kwa sharti kwamba kila mwaka theluji inapoyeyuka apande mawaridi katika pembe nne za kaburi lake.